Goti Linalokaza: Namna ya Kutafuta Chanzo na Wakati wa Kwenda Hospitali

Jirani yangu, mama muuza vitumbua, huketi kwenye kigoda chake kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu asubuhi, jiko la mkaa likiwa katikati ya miguu yake. Akitaka kuinuka hushika ukingo wa meza, husimama kidogo akiwa bado ameinama, hupiga hatua tatu nne kama anayekanyaga kokoto, kisha kabla hajafika duka la pili goti linafunguka na anatembea kama kawaida. Katika mtaa huohuo yupo kijana wa miaka 30 hivi ambaye huamka magoti yote mawili yakiwa yamekaza, na hadi saa nne asubuhi bado hawezi kuchuchumaa chooni. Wote wawili wanalieleza tatizo kwa maneno yaleyale, kwamba goti limekaza, na wote wawili wamewahi kuuziwa dukani vidonge vilevile vya maumivu, vya diklofenaki. Hata hivyo ugonjwa wa mama si ugonjwa wa kijana, na kinachowatenganisha zaidi ya picha au kipimo chochote ni muda ambao goti huchukua mpaka kulegea.

Mwongozo huu unamsaidia mtu mzima mwenye goti linalokaza kukusanya habari za namna hiyo kwa utaratibu, ajue lipi linaweza kusubiri na lipi halisubiri. Hauchukui nafasi ya daktari, ila mtu anayefika kwa daktari akiwa na habari zilizopangwa hutibiwa vizuri kuliko anayesema tu kwamba goti linamsumbua.

Hatua ya kwanza: ondoa yale yasiyosubiri

Kabla ya kufikiria umri, uzito au baridi ya usiku, jiulize kama goti lako lina mojawapo ya dalili zifuatazo, kwa sababu ukiwa nayo hatua zote zinazofuata hazikuhusu kwa leo.

Goti lililovimba, lenye joto, linalouma hata likikunjwa kidogo, hasa likiambatana na homa au kutetemeka, lichukuliwe kuwa lina usaha mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Bakteria walioingia ndani ya kiungo wanaweza kuharibu gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, ndani ya siku chache tu, na gegedu likishaharibika halirudi kuwa kama lilivyokuwa. Homa isipokuwepo usijipe moyo, kwa kuwa mzee, mwenye kisukari, mwenye kinga dhaifu au anayetumia prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi inayopunguza uvimbe na kushusha kinga, anaweza kuwa na usaha gotini bila joto la mwili kupanda. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Usimeze antibaiotiki zilizobaki nyumbani ukiwa njiani, kwani daktari atahitaji kuvuta maji ya goti kwa sindano na kuyapeleka maabara, na dawa iliyotangulia huweza kuwaficha vijidudu wasioteshwe. Goti la namna hii pia halipaswi kuchuliwa kwa maji ya moto, kuchanjwa chale wala kuumikwa.

Nenda siku hiyohiyo pia ikiwa umeanguka au umepata ajali na huwezi kupiga hatua nne, huwezi kulikunja goti hadi pembe mraba, goti limebadilika umbo, au limejaa ndani ya saa chache, jambo ambalo mara nyingi humaanisha kwamba damu imevujia ndani. Mguu uliopoa au uliokufa ganzi chini ya goti lililoumia ni dharura. Shavu la mguu likivimba upande mmoja na kuuma, fikiria damu iliyoganda kwenye mshipa, na ukiongezea hapo kubanwa kifua au kupumua kwa shida, tafuta usafiri sasa hivi. Mtoto anayechechemea huku ana homa, mtoto mwenye selimundu, mvulana ambaye magoti yake hujaa kwa kugongwa kidogo tu, na mtu yeyote mwenye goti la bandia lililoanza kuuma upya, wote hawa hawatibiwi kwa kukandwa nyumbani.

Hatua ya pili: tenganisha kukaza na kukwama

Neno kukaza hubeba mambo mengi, na hapa ndipo wagonjwa wengi na waganga wao hupoteana. Goti linalokaza hukunjuka, ila kwa uzito na maumivu, kama mlango wenye bawaba iliyoshika kutu. Goti linalokwama husimama mahali pamoja ghafla, halinyooki hata ulisukume, mpaka ulizungushe kidogo ndipo liachie kwa mlio. Kukwama kwa namna hiyo huashiria kwamba kuna kitu ndani kinachozuia, mara nyingi kipande kilichochanika cha mojawapo ya zile gegedu mbili zenye umbo la hilali zinazokaa kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, au kipande cha mfupa kinachoelea. Goti lililokwama likakataa kabisa kunyooka linahitaji daktari wa mifupa mapema. Lipo pia goti ambalo halikazi wala kukwama bali linajaa maji tu, na mwenye nalo huhisi kama amefungwa bandeji isiyoonekana.

Mlio peke yake, ule wa kualika wakati wa kuchuchumaa, usiokuwa na maumivu wala uvimbe, haumaanishi ugonjwa. Nimeona watu wameacha kuswali kwa kusujudu na kuacha kupanda ngazi kwa sababu ya mlio tu, na misuli yao ikadhoofika kwa kukaa bure.

Hatua ya tatu: pima muda kwa saa

Kwa siku saba mfululizo, ukiamka tazama saa, kisha itazame tena pale unapoona goti limelegea kadiri litakavyolegea. Andika dakika hizo kwenye simu au daftari. Usikisie. Mtu mwenye maumivu husema ni asubuhi nzima wakati kwa saa ni dakika kumi na tano, na mwingine aliyezoea shida yake husema ni kidogo tu wakati ni saa moja na nusu.

Kukaza kusikozidi dakika 30, kwa mtu wa miaka 45 au zaidi ambaye goti humuuma zaidi akilitumia na hupata nafuu akipumzika, huelekeza kwenye kusagika kwa goti. Kiasi kwamba madaktari wengi huweza kuutambua ugonjwa huo kwa maelezo hayo na kuligusa goti tu, bila hata picha. Kukaza kunakozidi nusu saa, na hasa kunakokaribia au kuzidi saa moja, kunakopungua kadiri mtu anavyotembea na kurudi akipumzika, huelekeza kwenye magonjwa ambamo kinga ya mwili yenyewe huvishambulia viungo. Andika vilevile kama goti hukaza baada ya kukaa kwenye daladala au mkekani, kama ni moja au ni mawili, na kama vidole vya mikono navyo vimo.

Hatua ya nne: tazama, gusa na ulinganishe

Lala chali mahali penye mwanga, miguu yote miwili ikiwa wazi kuanzia mapajani. Kila upande wa pia ya goti huwa na kibonde kidogo. Kibonde kikifutika kwenye goti moja, ndani mna maji. Weka mgongo wa kiganja juu ya paja, kisha juu ya goti, kisha juu ya muundi. Goti lisilo na ugonjwa huwa la baridi kidogo kuliko misuli iliyo juu na chini yake, kwa hiyo goti lenye joto sawa na paja tayari lina jambo la kusema. Tazama kama nyuma ya goti inagusa kitanda mguu ukinyooshwa, kisha kunja kila mguu na upime kwa vidole nafasi inayobaki kati ya kisigino na kalio. Mguu wa upande wenye ugonjwa ukiwa na paja lililopungua, tatizo si la juzi.

Usisahau nyonga. Goti likiwa limekunjwa, mwambie mtu akuzungushie mguu taratibu kuelekea nje na ndani. Maumivu yakitokea kwenye kinena, huenda goti linasingiziwa tu, kwa maana ugonjwa wa nyonga hupenda kuuma gotini. Hili ni muhimu kwa mwenye selimundu, ambaye kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu na kufa, na kwa kijana anayebalehe anayechechemea.

Hatua ya tano: linganisha na vyanzo vinavyojulikana

Chanzo cha kawaida zaidi baada ya miaka 45 ni kusagika kwa goti. Mitaani husemwa kwamba ute umekauka au goti limeishiwa oili, na kutokana na usemi huo imezaliwa biashara nzima ya kuuza ute. Ukweli ni kwamba goti lililosagika mara nyingine hutoa ute mwingi kupita kiasi, ndiyo maana huvimba. Kinachopungua ni gegedu, na pamoja nalo mfupa ulio chini hubadilika, vinundu vya mfupa huota pembeni, na misuli ya paja hulegea. Bamia na mlenda ni mboga nzuri, lakini ute wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine chochote na hausafiri kwenda gotini. Wanaougua zaidi ni wanawake, wenye uzito mkubwa, waliowahi kuumia goti, wenye ndugu waliougua, na wale ambao kazi yao ni kubeba mizigo na kuchuchumaa. Muuza vitumbua wetu yumo humu.

Kijana wa magoti mawili yuko kwenye kundi la baridi yabisi, ambamo ngozi ya ndani ya kiungo huvimba kwa kushambuliwa na kinga ya mwili. Mara nyingi vidole vya mikono na viganja huingia pia, kwa pande zote mbili, pamoja na uchovu. Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi, na unaweza kuanza ujanani. Haufai kusubiriwa, kwa kuwa dawa za kuuzuia, kama methotreksati, hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya miezi michache ya kwanza kabla viungo havijapinda.

Jongo huja ghafla, mara nyingi usiku, na ingawa hupenda kidole gumba cha mguu, goti nalo hulipata. Hutokana na fuwele za asidi ya yuriki, na huchochewa na pombe, nyama nyingi, upungufu wa maji mwilini na baadhi ya vidonge vya shinikizo la damu vinavyoongeza mkojo. Hapa sina budi kuonya. Kipimo cha asidi ya yuriki kinaweza kuwa cha kawaida katikati ya shambulio la jongo, na kinaweza kuwa juu kwa mtu asiye na jongo hata kidogo. Ndugu yangu mmoja alitibiwa jongo kwa miezi minane katika kliniki moja kwa sababu ya namba hiyo tu, akaachishwa nyama na maharage, na goti likaendelea kuvimba taratibu huku naye akikonda. Hatimaye goti lilipovutwa maji na kuchunguzwa, kilichokuwemo kilikuwa kifua kikuu cha kiungo. Goti moja linalovimba polepole kwa wiki au miezi, pamoja na jasho la usiku na kupungua uzito, linastahili kipimo hicho cha maji ya goti, na mwili unaweza kuwa na kifua kikuu cha goti bila kukohoa.

Ukanda wetu una chanzo kingine ambacho vitabu vya mbali hukipita haraka. Mwaka 1952, katika uwanda wa Wamakonde kusini mwa Tanganyika, ulizuka ugonjwa wa homa uliowakunja watu viungo, na jina lake la chikungunya limetoka katika Kimakonde, likimaanisha kile kinachopinda. Virusi vyake huenezwa na mbu wa mchana. Lamu iliupata mwaka 2004 na Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwaka uliofuata. Homa huisha kwa siku chache, lakini viungo vinaweza kukaza kwa miezi, na kwa wengine kwa miaka. Kwa hiyo mweleze daktari kama kukaza kulianza na homa na vipele. Mweleze pia kama ulikuwa na kuhara au ugonjwa wa zinaa wiki chache kabla, kwa sababu viungo huweza kuvimba baadaye kama matokeo yake, na kama una kawaida ya kunywa maziwa yasiyochemshwa, maana brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, nao hukaa kwenye viungo.

Majeraha tutayapita upesi. Mchezaji aliyesikia mlio wa kukatika akiwa anageuka, na goti likajaa kabla ya jioni, huenda amekata kano ya ndani. Aliyejipinda na goti likavimba siku ya pili huenda amechana ile gegedu ya hilali. Fundi wa vigae au anayesugua sakafu akiwa amepiga magoti hupata uvimbe laini mbele ya pia, nje ya kiungo, na goti lake hukunjika bila taabu kubwa mpaka uvimbe ule uguswe. Ukiwa mwekundu na wa moto, umeingiwa na vijidudu. Goti lililotoka kwenye plasta ngumu, ile inayoitwa POP, hukaza kwa sababu ya kutotumika, na hilo linahitaji mazoezi tiba kuanzia wiki ile plasta inapotolewa, si miezi mitatu baadaye.

Hatua ya sita: lishughulikie nyumbani kwa wiki mbili, ikiwa hakuna dalili ya hatari

Goti lililosagika au lililochoka linataka kutembezwa, si kulazwa. Keti ukiwa umenyoosha mguu, weka kanga iliyoviringishwa chini ya goti, kisha igandamize kwa nyuma ya goti kwa kukaza msuli wa mbele wa paja huku ukihesabu hadi tano, mara kumi. Baada ya hapo buruta kisigino taratibu kuelekea kalio na ukirudishe, mara kumi. Ukiweza, simama na kuketi kwenye kiti imara bila kushika, mara tano, ukiongeza kila wiki. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanakubalika maadamu kesho yake asubuhi goti haliko vibaya kuliko jana; likivimba, punguza. Watu hutarajia nafuu siku ya tatu, wakati misuli huhitaji wiki sita hadi kumi na mbili kuimarika, na kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa ya mazoezi kuitwa kazi bure.

Kwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Anayechechemea ashike fimbo kwa mkono wa upande wa mguu mzima, kinyume na wengi wanavyofanya. Choo cha kuchuchumaa kikiwa mateso, kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati hukibadilisha kwa gharama ndogo, na mwenye kuswali anaweza kuswali akiwa kitini mpaka goti limruhusu kurudi chini. Kitambaa cha uvuguvugu hulegeza goti linalokaza asubuhi, ilhali goti lililoumia jana hupewa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20.

Kuhusu dawa, anza na jeli ya diklofenaki ya kupaka. Paracetamoli kwa mtu mzima isizidi vidonge nane vya miligramu 500 kwa siku, na nafuu yake gotini mara nyingi ni ndogo. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni havimfai mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, ugonjwa wa moyo au mjamzito aliyefika wiki ya 20, na havipaswi kumezwa kila siku kwa miezi bila daktari kujua. Jihadhari na unga wa asili unaoondoa maumivu yote kwa siku mbili, kwa maana bidhaa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi. Aliyeutumia kwa muda mrefu asiuache ghafla, bali aupeleke kwa daktari.

Hatua ya saba: nenda ukiwa na habari kamili

Usipopata hata nafuu ndogo baada ya wiki mbili, au kukaza kwa asubuhi kukizidi nusu saa, au goti likibaki limevimba, au likikuamsha usiku, au likilegea ghafla na kukuangusha unapotembea, nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya bila kungoja tatizo likomae. Kutoka hapo utaelekezwa juu ikihitajika. Kwa Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoanzishwa mwaka 1996 hupokea rufaa za namna hii, lakini magoti mengi hayahitaji kufika huko. Beba kumbukumbu ya dakika zako za wiki moja, na dawa zote unazotumia kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za unga na za chupa ya maji. Vaa kaptula chini ya vazi, au kanga, ili goti lionekane pamoja na paja.

Ukiandikiwa picha, uliza kama itapigwa ukiwa umesimama, kwa sababu goti lililolazwa huficha nafasi iliyopungua kati ya mifupa. Usishtuke picha ikiwa mbaya kuliko maumivu yako, wala usikate tamaa ikiwa nzuri huku unaumia, kwani mambo hayo mawili hayaendi sambamba. Ukishauriwa sindano ya goti, uliza ni ya nini: ya steroidi hutuliza kwa wiki kadhaa na haipaswi kurudiwarudiwa, na ile ya ute ni ghali kuliko faida iliyothibitishwa. Uliza pia ni nani atakayekufundisha mazoezi na utamwona lini. Na ukipewa tarehe ya kurudi, kisha kabla haijafika goti likawa la moto, likajaa na kukataa kukunjika, rudi siku hiyohiyo bila kuingoja tarehe.